Nani Kasema Tambi Huzaliwa Paketini?

Ukimwuliza mtoto wa Naliendele tambi zinatoka wapi, atakujibu bila kupepesa macho: dukani. Mwulize mama yake, naye atasema dukani, ila yeye ataongeza na bei. Na ukithubutu kusema kwamba tambi zinaweza kukandwa hapahapa uani, kwa unga wa ngano, mayai ya kuku huyu anayepita mbele yetu, na kile kifimbo cha kusukumia chapati, utaambiwa hayo ni mapishi ya hotelini, mambo ya Wazungu, usituletee.

Makala haya ni ya kubishana na jibu hilo. Nasema tambi ni kazi ya mikono ya watu wa nyumbani, hasa wanawake, na kwamba paketi imekuja juzijuzi tu. Tena nasema sisi wa pwani hii ya Mtwara hatuna haki ya kuita chakula chochote cha kigeni mpaka kwanza tumejiuliza vilivyomo katika vyungu vyetu vilitoka wapi.

Naliendele ikiandikwa, huandikwa kwa mambo mawili. La kwanza ni kituo cha utafiti wa kilimo, maarufu kwa korosho. La pili ni makaburi ya mashujaa, walikolala askari wetu waliokufa Msumbiji katika miaka ya 1980. Ni mambo makubwa yote mawili, sina ugomvi nayo. Lakini historia yetu ina tabia ya kupenda boma, bandari na makaburi. Jikoni haiingii, labda inaogopa moshi. Basi leo tuingie.

Tuanze na jina. Utambi, ndugu msomaji, ni ule uzi wa pamba unaolowana mafuta ya taa ili koroboi iwake. Wingi wake ni tambi. Neno hilohilo ndilo tulilolipa chakula hiki. Na si sisi peke yetu tuliotazama unga uliokatwa mwembamba tukaona kitu kingine. Waajemi waliuita rishta, yaani uzi. Waarabu wana sha'riya, jina lililotokana na neno lao la nywele. Waitaliano wakaona vijinyoo, ndiyo maana ya vermicelli, na spaghetti yao imetoka katika neno la kamba nyembamba. Kila taifa na macho yake. Mimi kwa upande wangu naona jina letu ndilo zuri kuliko yote, kwa sababu wenzetu waliona nyuzi, nywele na wadudu, sisi tukaona kitu cha kuwashia taa. Na wala si hilo tu: ngano ni nafaka, na ngano ni hadithi za kale. Lugha imejaa vituko.

Sasa, nani alianza? Hapo ndipo watu hupenda kumtaja Marco Polo, eti alizichukua tambi China akazipeleka kwao Venice. Hadithi hii ni tamu lakini haisimami. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Miaka 141 kabla yake, mwaka 1154, mwanajiografia Mwislamu al-Idrisi alikuwa amemkamilishia Mfalme Roger wa Sisilia kitabu cha kuelezea dunia. Humo alitaja kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, chenye vinu vya maji, ambako watu walitengeneza itriya, yaani tambi kavu, kwa wingi wa kutosha kujaza majahazi na kuzipeleka Calabria na nchi nyingine za Waislamu na za Wakristo. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kitabu hichohicho kinazungumzia pwani ya Zanji, Malindi na Mombasa zikiwemo. Mtu mmoja, kalamu moja, tambi za Sisilia na miji yetu ndani ya jalada moja. Na sisi tunafundishwa kwamba historia ya tambi haituhusu!

Itriya yenyewe ni ya kale kuliko hapo. Marabi wa Kiyahudi waliokusanya Talmudi ya Yerusalemu, katika karne ya 4 na ya 5, walikuwa wakibishana juu ya unga wa itriya uliochemshwa: uhesabiwe kama mkate au la? Na huko China, katika eneo la Lajia kwenye Mto Manjano, wachimbaji walifunua bakuli la udongo lililokuwa limepinduka, na chini yake wakakuta nyuzi nyembamba za manjano. Habari zikatangazwa mwaka 2005: tambi za miaka 4,000 hivi. Watafiti walisema hazikuwa za ngano bali za nafaka ndogo za jamii ya ulezi. Wenzao wakapinga, wakisema unga wa namna hiyo haunyooki, utakatika tu. Wa kwanza wakajibu kwamba ukiupasha moto pamoja na maji mpaka sehemu yake iwe kama ugali laini, kisha ukaukamua kwenye matundu, unanyooka. Ubishi huo uweke akilini, tutauhitaji tukifika kwenye muhogo.

Tukisogea karibu na kwetu tunafika Baghdad. Mwaka 1226 mtu wa mji huo, al-Baghdadi, aliandika kitabu cha mapishi ambamo rishta imo: unga unakandwa, unasukumwa mwembamba, unakatwa nyuzi fupi za urefu wa vidole vinne, kisha zinaingia chunguni pamoja na nyama, dengu na adesi. Hakuna mashine. Ni mikono, kibao na kisu. Ukiondoa adesi, ambazo kwetu hazikuzoeleka sana, mapishi hayo mama yeyote wa Mikindani angeyaelewa bila kueleweshwa mara mbili. Na kutoka nchi hizo za Ghuba ndiko vilikotoka vyombo vilivyopanda na kushuka na pepo za msimu mpaka Kilwa.

Je, walizileta tambi wakati huo? Tunaye shahidi mmoja mwenye tumbo. Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331, akapita Mogadishu na Mombasa, akafika Kilwa. Alikuwa mtu wa kuandika alichokula, Mungu amrehemu. Mogadishu alipewa wali uliopikwa kwa samli, na juu yake vitoweo vya nyama, kuku, samaki na mboga. Ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa. Ndimu za achari, pilipili, tangawizi na maembe. Mombasa aliona watu hawalimi nafaka, wanaletewa, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Orodha ndefu hiyo, tambi hazimo. Ngano haimo. Nafaka ya heshima ilikuwa mpunga, na hata leo ukialikwa arusini Mtwara mjini ukapewa kitu kisicho wali utajua kuna jambo.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha mambo yote. Ngano haikui kwenye joto letu la pwani. Inataka baridi, nyanda za juu. Kwa hiyo tangu mwanzo, kwa Mswahili wa kusini, unga wa ngano ulikuwa kitu cha chomboni, kitu kinachoteremshwa ufukweni kikihesabiwa. Na kitu cha chomboni hakipikwi kila siku. Kinasubiri Idi.

Naam, Idi ndiyo iliyotuhifadhia tambi. Ndugu zetu wa Bara Hindi, hasa wa Gujarati na Kachi, waliofanya biashara Unguja, Kilwa na Mikindani, walikuja na desturi ya kula sewai asubuhi ya Idi: tambi nyembamba zilizokaangwa kidogo kwa samli, zikapikwa na maziwa, sukari na iliki. Kwetu maziwa yakawa tui la nazi, wakati mwingine zabibu kavu zikaongezwa, na tambi zikakata uraia. Leo nani anaziita za Kihindi? Mwezi wa Ramadhani zinaandaliwa futari pamoja na mihogo ya nazi bila mtu kuulizana pasi. Na huko zilikotoka, sewai ni kazi ya wanawake. Kabla ya sikukuu hukaa pamoja, wakauviringisha unga kwa vidole au kuupitisha kwenye kikamulio, kisha wakazianika juani kwenye vitanda vya kamba kama mtu anavyoanika nguo.

Kile kikamulio ni cha kukumbukwa, maana kiko hapa hapa. Ni mashine ndogo ya mkono, ya shaba au ya bati, yenye kisahani cha matundu chini na mpini juu. Wanaouza tambi za dengu, zile za kukaanga zenye pilipili ambazo watoto hula wakitoka madrasa, wanaijua vizuri. Wanakanda unga wa dengu, wanaujaza, wanazungusha, nyuzi zinadondokea kwenye mafuta ya moto. Kwa hiyo anayesema kutengeneza tambi nyumbani ni jambo geni Tanzania, hebu atembee na njaa jioni moja ya Ramadhani.

Basi, kama kazi ilikuwa ya mikono, paketi iliingiaje?

Kwa ufupi: iliingia kwa ngano ngumu na upepo. Kusini mwa Italia, mjini Naples na vitongoji vyake, kunalimwa na kuletwa ngano ngumu ambayo unga wake hukaukia vizuri na kukaa miezi bila kuharibika. Kuanzia karne ya 17 walitumia mashinikizo ya kukamua tambi kwa wingi. Karne ya 19 ikaleta mvuke, karne ya 20 ikaleta viwanda vinavyokausha kwa joto badala ya upepo wa baharini. Tambi zikawa bidhaa ya kusafiri. Mwaka 1958 Mjapani mmoja, Momofuku Ando, akabuni tambi zilizokwisha kukaangwa ambazo zinahitaji maji ya moto tu. Indonesia wakaanza kutoa Indomie mwaka 1972, na leo vijana wetu jina hilo la kampuni wamelifanya jina la chakula chenyewe. "Nipikie indomie," anasema, hata kama paketi imeandikwa jina jingine kabisa.

Jirani zetu wa Somalia walipata tambi kwa njia nyingine, ya ukoloni wa Kiitaliano. Baasto yao ilikuja na mtawala, lakini mtawala akaondoka na baasto ikabaki, ikaliwa kwa mkono, pamoja na ndizi mbivu pembeni. Baada ya serikali yao kuanguka mwaka 1991 wakimbizi walikuja nayo Nairobi na Mombasa, wakiwemo watu wa Barawa ambao lugha yao, Chimwiini, ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Ukimwambia Mbarawa kwamba baasto na ndizi ni chakula cha Wazungu atakucheka.

Sasa turudi Naliendele, maana ubishi wangu uko hapa.

Kituo cha utafiti kinashughulika na nini? Korosho, karanga, ufuta, muhogo. Haya ndiyo mazao tunayojivunia, ndiyo tunayoyaita yetu. Tuyakague moja moja. Mkorosho ulitoka Brazil, Wareno wakauleta pande hizi, na jina jingine la tunda, kanju, limetokana na caju la Kireno. Muhogo, huo ambao mzee akikosa ugali wake anasema hajala, nao ni wa Amerika ya Kusini. Karanga vilevile. Mahindi ni ya Meksiko. Katika orodha yote hiyo ni ufuta tu ambao una ukongwe katika upande wetu wa dunia. Hata kuku ni mgeni: asili yake ni misitu ya kusini-mashariki mwa Asia, ingawa alikwisha kufika pwani hii zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Mwaka 2009 zilipotolewa aina mpya za karanga zikaitwa Naliendele, Mnanje, Masasi, Nachingwea na Mangaka. Mimea ya Amerika imepewa majina ya vijiji vyetu, na hakuna aliyeona ajabu, kwa sababu hakuna ajabu. Chakula kinakuwa cha watu pale watu wanapokilima na kukipika. Basi kwa nini tambi ndizo zinyimwe uraia?

Jibu ni unga. Muhogo tunaulima, ngano tunaisubiri. Na kusubiri ndiyo historia ya Mtwara. Bandari yetu yenye kina kirefu ilijengwa kwa ajili ya karanga za Waingereza, ule mradi ulioanza kwa mbwembwe mwaka 1947, wakafyeka Kongwa, Urambo na Nachingwea, na mwaka 1951 ukazikwa baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 36. Gati ilikamilika mwaka 1954, mradi umeshakufa. Reli ya kutoka Nachingwea ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Tukabaki na bandari nzuri na barabara mbaya. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa kwenye Mto Rufiji mwaka 2003, masika ilikuwa na maana ya kukatwa. Lori likikwama Ndundu, chapati Mtwara zilipanda bei. Wala si masihara, watu wazima wanakumbuka.

Na kabla ya hapo kulikuwa na miaka ile ya foleni, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, unga wa ngano ukionekana unanong'onezwa. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, watu wakawa wanaogopa hata kuonekana na mifuko miwili. Serikali ilikuwa imejaribu kujitegemea kwa ngano: Hanang, kwa msaada wa Kanada tangu miaka ya 1970, yalifunguliwa mashamba makubwa ambayo Wabarabaig walilia kwamba yamemeza malisho yao, wakafika hadi mahakamani. Ngano ilivunwa, lakini haikututosheleza. Mpaka leo nchi inahitaji ngano kama tani milioni moja kwa mwaka, na tunayovuna ni sehemu ndogo, kiasi cha moja ya kumi tu. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, muuza maandazi wa Naliendele, ambaye hajawahi kuiona Bahari Nyeusi hata kwenye ramani, alipunguza ukubwa wa andazi.

Kwa hiyo mtu atasema: ah, basi paketi ama unga, si yote yanatoka nje? Si sawasawa. Ukinunua paketi, umelipa ngano, umelipa kiwanda, umelipa nailoni na picha ya mwanamke anayetabasamu. Ukinunua unga umelipa ngano na kinu. Kazi iliyobaki ni yako, na yai ni la kwako. Hapo yai linaingia katika historia, na lina kisa chake.

Sehemu nyingi za nchi yetu wajawazito walikatazwa mayai, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Watoto nao wakatishwa, wakila watakuwa wezi. Firigisi ya kuku ni ya baba. Ukipiga hesabu utaona kwamba yule aliyewalisha kuku pumba, akawafungia jioni, akawafukuzia kicheche usiku, ndiye aliyeambiwa asile yai. Yai likauzwa, au likaatamiwa, au likapelekewa mgeni. Mimi siiti hiyo mila, naiita ubahili uliovalishwa kanzu. Siku hizi kliniki zinawaambia kina mama wale mayai, na miiko hiyo inalegea. Lakini yai bado linaonekana kitu cha kuuzwa kwanza, kuliwa baadaye.

Tambi za mayai zinalirudisha yai mezani kwa watu wote wa nyumba, tena kwa njia ambayo hakuna wa kunyimwa: likishakandwa humo huwezi kumchagulia mtu.

Wenzetu wa kaskazini mwa Italia, wale wa Emilia-Romagna, na Wajerumani wa kusini, hawakuwa na ngano ngumu wala upepo wa Naples. Walikuwa na ngano laini, kama huu unga wetu wa maandazi, na kuku uani. Ndiyo maana tambi zao ni za mayai. Unga laini una utando dhaifu. Ukichemshwa peke yake kwa maji unaelekea kuwa uji. Ute wa yai ukipata moto unaganda, unashika uzi usivunjike, na kiini kinaleta mafuta, ladha na rangi. Na kiini cha kuku wa kienyeji, anayejitafutia majani na wadudu, kina rangi ya manjano iliyoiva ambayo hakuna haja ya kuongeza kitu. Hali ya Naliendele, basi, ni hali ya Emilia hasa: unga laini, mayai mazuri, mwanamke mwenye kifimbo.

Kazi yenyewe iko hivi. Kanuni ya huko ni gramu 100 za unga kwa yai 1. Lakini yai lao ni kubwa. La kienyeji halizidi sana gramu 40. Kwa unga gramu 400, vikombe vitatu na kidogo, weka mayai 5 au hata 6, na chumvi kidogo. Unga uumwage kwenye meza safi au sinia kubwa, ufanye kisima katikati, vunjia mayai humo. Koroga kwa uma kuanzia ndani, ukila kingo taratibu. Ukishashikana, weka uma pembeni uingize mikono. Usikimbilie maji! Hewa yetu ya pwani ina unyevu, unga umeshakunywa kabla wewe hujaanza. Mwanzo utaona kama haushikani, umekuwa makombo. Kanda tu, dakika 10 za kweli, si zile za kuangalia simu. Donge ligeuke laini kama ndewe ya sikio. Kisha lifunike kwa kitambaa kibichi lipumzike nusu saa. Anayejua chapati anajua kwa nini: unga uliochoka unarudi nyuma ukiusukuma.

Gawa mafungu manne. Sukuma moja moja, mengine yakae yamefunikwa. Hapa chapati na tambi zinaachana: chapati unasimama ikiwa bado nene, tambi unaendelea mpaka karibu uone mistari ya kibao kwa chini. Acha utando huo juu ya kitambaa dakika chache ukauke uso, si zaidi, vinginevyo utapasuka. Nyunyiza unga, ukunje kama mkeka, ukate kwa kisu kikali, vipande vya upana unaoutaka. Vikung'ute mara moja kwa vidole vifunguke, uvitandaze kwenye ungo. Naam, ungo. Hakuna chombo bora zaidi, unapitisha hewa juu na chini.

Na muhogo? Nilisema tutafika. Kama ngano ni ya kusubiri, kwa nini tusipunguze ngano? Inawezekana, kwa kiasi. Unga wa muhogo hauna ule utando unaovutika; ndio ubishi uleule wa Lajia. Sehemu moja ya muhogo kwa nne za ngano, yai likisaidia kushika, hukubali. Ukitaka kuongeza, sehemu ya unga wa muhogo ichemshwe kwanza na maji mpaka iwe uji mzito wa kung'aa, ndio uwe gundi. Ila usitumie unga wa makopa yenye harufu kali, tambi zitanuka.

Tena tuwe waangalifu, maana mkoa huu una kumbukumbu chungu. Mwaka 1988, wakati wa ukame, watu wa Masasi waliugua kwa kula muhogo mchungu ambao haukutayarishwa vya kutosha. Njaa ilikuwa imebana, na wanawake walichukua njia ya mkato waliyoiita chinyanya, kuponda na kuanika kwa haraka badala ya kuuacha muhogo muda wake. Sumu ikabaki ndani ya unga. Wengine wakaandika kwamba ni ujinga wa vijijini. Hao wanawake hawakuwa wajinga. Walijua muhogo kuliko walioandika; walichokosa ni siku. Mtu mwenye watoto wanaolia hawezi kungoja makopa yakauke wiki mbili. Kwa hiyo tukizungumza unga wa muhogo wa kutengenezea tambi, tuzungumze muhogo mtamu, au unga wa mtu unayemjua alivyoutengeneza. Tambi ni chakula cha kujifurahisha, hazina sababu ya kumharakisha mtu.

Mayai na unyevu wa bahari havipatani. Tambi kavu za kiwandani zinakaa mwaka kabatini, hizi zako ukizianika Naliendele mwezi wa Machi zitaota ukungu kabla hazijakauka. Usihangaike kuziweka. Chemsha maji mengi, yatie chumvi, yakitokota kwa nguvu zimwage zote, koroga mara moja. Dakika 2 au 3 zinatosha, onja uzi mmoja. Za Idi zinataka tui zito, iliki na sukari. Za mchana kavu zinataka mchuzi wa nazi na kamba wadogo kutoka Msangamkuu, ukiwapata kabla ya wachuuzi. Maji ya kuchemshia usiyamwage yote, kikombe kimoja kitie kwenye mchuzi upate uzito, na yaliyobaki wape kuku yakishapoa.